Punje Saba na Majivu

Jambo zima lilinigharimu shilingi kumi na moja na senti sitini, kanzu moja iliyochanikia kwenye mikoko, siku tisa za kulala chali, na heshima kidogo ambayo sijui niipime kwa mizani gani. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata kumi na moja na themanini, kisha nikakumbuka kwamba senti ishirini za kahawa pale Ruaruke sikuzilipa. Nilibishana na muuza kahawa mpaka akachoka mwenyewe, akaniambia nende zangu.

Nilikuwa na duka Kibiti, kando ya barabara, zama za Mwingereza. Duka ni neno kubwa. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yangu, na meza iliyopigiliwa kwa mbao za masanduku ya chai, na mizani niliyoiamini kuliko ndugu zangu. Niliuza chumvi, mafuta ya taa, viberiti, vitunguu maji na vitunguu thomu, lakini fahari ya duka ilikuwa unga wa ngano na maziwa ya kopo. Wakati ule mtu aliyetaka aonekane amestaarabika alikunywa chai ya maziwa asubuhi na chapati mbili. Makarani wa serikali walikula hivyo, nasi wenye maduka tukala hivyo tusije tukaonekana tuko nyuma yao. Mimi nilikula tatu.

Na chapati zikanila mimi. Tumbo lilikuwa likijaa kama ngoma iliyoanikwa juani, likinguruma mbele ya wateja, kisha linanikimbiza uani. Siku moja nilihesabu: uani nimekwenda mara saba, na wateja waliokuja ni sita. Nikakonda hata msuli nikawa naufunga kwa mafundo mawili. Nilimeza vidonge vya dispensari, nilichemshiwa mizizi, niliandikiwa kombe la aya nikanywa. Kila aliyeniona alinishauri ninywe maziwa kwa wingi nipate nguvu. Nikanywa. Nilikuwa nayapata kwa bei ya jumla.

Ndipo nilipooa. Mke wangu alitoka Kiongoroni, huko chini delta inakokutana na bahari. Alikuwa ameachwa miaka miwili nyuma, hana mtoto, mtu wa maneno machache. Mahari yake nilijadiliana na mjomba wake tangu adhuhuri mpaka alasiri, na bibi harusi yuko nyuma ya pazia anaisikia bei yake inavyoteremka. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akicheka. Sikumwamini, maana pazia halikutikisika.

Siku tatu za mwanzo alinitazama nikila. Siku ya nne akaziondoa chapati mbele yangu, akaondoa na kikombe.

"Leo huli hivi."

"Nile nini?"

"Nitakachokupa."

Alichonipa kilikuwa vitumbua vya mchele. Mchele aliuroweka, akautwanga, akauchekecha, akautwanga tena, akauvuruga kwa tui na kuufunika mpaka asubuhi ukaumuka wenyewe. Alivikaanga kwa mafuta ya nazi na kunipa chai ya rangi yenye mchaichai. Mchana ukawa wali na mchuzi wa kamba wa ukwaju na binzari. Kesho yake kunde, keshokutwa muhogo wa nazi, halafu samaki wa kuchoma aliyepakwa tui zito. Samli haikuingia jikoni, wala maziwa, wala unga wa ngano hata wa kunyunyiza. Na katika kila chungu mlikuwa na thomu.

Siku za mwanzo ile thomu ilinichoma kidogo hapa kifuani, nikamwambia. Baadaye ikaacha kunichoma na mimi nikasahau. Nilichokiona, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuangalia mali inavyotumika, ni kwamba alichukua punje saba na maganda yake, akazifukia kwenye majivu ya moto pembeni ya mafiga, akaziacha mpaka zikawa laini kama siagi. Akaziminya zitoke kwenye maganda, akaziponda kwa chumvi na ndimu, akazitia chunguni tui likishaepuliwa. Punje saba kwa chungu cha watu wawili. Zilitoka dukani kwangu, kwa hiyo nilizihesabu.

Mwezi haukwisha, nikawa nafunga msuli kwa fundo moja.

Alasiri moja nimeshiba, nimeegemea nguzo ya baraza, nikaona nimsifu. Kumsifu mtu kwangu ni kazi, kwa sababu anayesifiwa hupandisha bei. Nikamwuliza, "Umejuaje kama ni ngano na maziwa ndiyo yananimaliza? Kibiti nzima hawakujua."

"Tumbo kama lako nimeishi nalo miaka sita," akasema. Alikuwa anapeta mchele.

"Tumbo la nani?"

Ungo ukapanda, ukashuka. "La yule wa kwanza."

"Kwani naye alikuwa hali ngano?"

"Kule ngano inafika Idi kwa Idi. Kila Idi anaugua. Mwaka wa pili nikaelewa."

"Na hivi vitumbua?"

"Alivipenda."

"Na mchuzi wa kamba?"

"Huo alikuwa akiuomba mwenyewe."

"Na muhogo wa nazi?"

"Bwana, wewe unataka kula, au unataka kuandika orodha?"

Nikaandika orodha. Kesho yake dukani, kwenye karatasi ya kufungia sukari, niliandika kila chakula alichonipikia tangu aingie ndani mwangu. Vilikuwa kumi na vinne. Jioni nikamsomea kimoja kimoja, naye akajibu kila mara, "Alikula." Nikahesabu upya nikakuta nimesahau uji wa mtama. Nikauliza. Alikula.

Wivu wangu haukuwa wa kuogopa kwamba mtu atakuja kuniibia mke. Yule bwana alikuwa kwake, mbali, ameshaoa mwingine. Nilikuwa na wivu na tumbo. Kila tonge nililopeleka mdomoni lilikuwa limeshapita kwenye mdomo mwingine, limeonjwa chumvi kwa ajili ya ulimi mwingine, limerekebishwa miaka sita mpaka likamkaa yeye sawasawa, kisha mimi nikarithishwa kama kanzu ya marehemu ambaye hajafa. Nilianza kumtazama mke wangu anaponitazama nikila, nikawa najiuliza anamwona nani. Nikaishi hivyo wiki mbili. Nikitafuna, namtafuna na yeye.

Mwisho nikamwuliza, "Chakula gani hujapata kumpikia yule?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ili amfurahishe mtu. "Chapati," akasema. "Kule sikujua kuzisukuma. Nimejifunzia hapa, kwako."

"Nipikie."

"Zitakuumiza."

"Nipikie. Na chai ya maziwa."

"Una akili zako?"

"Ninazo, nimezihesabu. Nipikie."

Alizipika vizuri, sitamnyima haki yake. Zilikuwa laini, zimechambuka, zinang'aa samli. Alikaa mbele yangu amekunja mikono, anaangalia. Nikala ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipoinua ya nne akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, "Basi hicho unachokula ni nini?"

"Changu," nikamwambia.

Hizo ndizo siku tisa za kulala chali. Nililala ukumbini kwenye mkeka, karibu na mlango wa uani, maana hakukuwa na faida ya kulala mbali nao. Alinilisha uji wa mchele wenye chumvi na thomu kwa kijiko. Siku ya tano nilipopata nguvu ya kusema nilimwuliza kama na uji huo yule alilishwa hivi, kwa kijiko. Akaweka bakuli chini.

"Ukipona," akasema, "nenda Kiongoroni kamtazame. Umtazame ushibe, halafu urudi ule."

Nilipopona nilikwenda. Majirani niliwaambia nafuata kamba wakavu wa kuuza dukani. Kweli yangu ilikuwa nyingine, na hadi leo naiona ilikuwa na hesabu nzuri: nilikuwa nakwenda kununua. Mtu akiwa na kitu ninachokitaka, mimi sijui njia nyingine. Nilikusudia kumpa yule bwana fedha, aniachie vile vyakula vyote mbele ya shahidi, kama mtu anavyouza shamba. Kuanzia hapo nikila, nile changu.

Mpaka Ruaruke nilikwenda kwa baiskeli ya kuazima. Kutoka hapo nikashuka kwenye mtumbwi wa bwana mmoja mnene aliyenidai nauli ya watu wawili, kwa maelezo kwamba maneno yangu yana uzito. Tulipita Maparoni maji yamejaa, na tulipofika vijito vya chini maji yakatupwea, tukasukuma mtumbwi kwenye tope kati ya mikoko. Hapo ndipo ilipokwisha kanzu.

Nilimkuta yule bwana ukingoni anapanga boriti. Mrefu, mwembamba, mikono imeiva wekundu kwa magome ya mikoko. Njia nzima nilikuwa nimejiwekea matumaini ya kukuta mtu wa sura mbaya, chongo ikibidi. Macho yake yalikuwa mawili na yote yanaona.

"Nimetoka Kibiti," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwoa…"

"Najua. Habari hapa zinafika kabla ya mtumbwi. Karibu, ndugu yangu. Mzima yeye?"

"Mzima."

"Alhamdulillahi." Akapanga boriti nyingine. Basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali zaidi, nikajiona nimepunjwa.

"Nimekuja kununua," nikasema.

"Boriti au kamba?"

"Mapishi."

Akaacha kazi. Nikamweleza yote, kwa mpangilio, na orodha nikamwonyesha. "Shilingi tano," nikamaliza. "Uviachie vyote kumi na vitano, na aje mtu mmoja ashuhudie."

"Tano?"

"Sita."

Alicheka mpaka akakaa juu ya boriti zake. "Bwana mkubwa, sijakataa bado, umeshajipandishia mwenyewe. Huko dukani unaishije?"

Sikuona la kuchekesha, lakini nilijua amesema kweli. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kupandisha bei yangu mwenyewe.

"Siwezi kukuuzia," akasema alipojifuta macho. "Alipoondoka aliondoka navyo. Ningekuwa navyo, ningekuwa hivi?" Akajishika mbavu, moja moja, kana kwamba na yeye anahesabu.

"Mliachana kwa nini?"

"Mimi nikiingia kwenye mikoko natoka baada ya wiki tatu. Yeye alitaka mlango wenye barabara mbele yake. Nikampa talaka yake kwa wema. Hatukutukanana hata siku moja."

Laiti wangetukanana. Niligeuka nikatazama maji. Kumbe nilichompa mke wangu mimi kilikuwa barabara, na barabara yenyewe ni ya serikali.

Akanipeleka kwake kula, kwa kuwa kule mgeni haondoki na njaa hata kama amekuja na jambo la aibu. Mkewe wa sasa, mama mmoja mchangamfu, alikuwa jikoni nyuma ya kiambaza cha makuti, tunasikiana naye. Ukaja wali, ukaja mchuzi wa samaki wa nazi. Kwa macho nilidhani ni ule ule. Kwenye ulimi thomu ilikuwa kali, inauma. Yule bwana alikula matonge manne, akasimama, akanywa maji mengi, akajipapasa kifuani.

"Nikuulize wewe unayeishi naye," akasema, ameteremsha sauti. "Alikuwa akitia punje ngapi za thomu? Huyu wangu anabahatisha. Leo tatu, kesho kumi."

Sauti ikatoka nyuma ya kiambaza. "Nitajiwe nitie. Kila siku nalaumiwa kwa chungu nisichokijua, na mwenye chungu hajapata kuniambia kitu."

"Sikuwahi kuingia jikoni," yule bwana akasema. "Nilikuwa nakula tu."

Wakawa wananingoja. Tazama nilivyokuwa nimekaa: nimeshika bakuli la mtu aliyenikaribisha, na kitu anachokihitaji nimekibeba kichwani, hakinigharimu senti moja.

"Saba," nikasema. "Saba kwa chungu cha watu wawili. Unaziponda kwa chumvi na ndimu. Unatia tui likishaepuliwa."

Kila neno lilikuwa kweli. Majivu sikuyataja.

"Saba, chumvi, ndimu, likishaepuliwa," mama akarudia. "Basi?"

Nafasi nilikuwa nayo. Niliitazama ikipita polepole, kama mteja anayerudi mlangoni kuuliza tena bei.

"Basi," nikasema.

Yule bwana alinisindikiza mpaka kwenye mtumbwi na kapu la kamba wakavu, zaidi ya pishi mbili. Nilitoa fedha, akaukunja mkono wangu. "Mpelekee," akasema. Halafu akajisahihisha. "Peleka dukani. Uza."

Nilisikia vyote viwili.

Kibiti nilifika jua limesimama. Mke wangu akalipokea kapu, akachukua kamba mmoja akamnusa, akamrudisha. "Umemtazama?"

"Nimemtazama. Amekonda. Ameniuliza punje za thomu."

"Ukamwambia?"

"Saba. Chumvi, ndimu, na tui likishaepuliwa."

"Na majivu?"

Nikavua kofia, nikaivaa. "Majivu anayajua. Si ndiye aliyeanza kula?"

"Hayajui," akasema. "Kule nilikuwa naziponda mbichi. Alikuwa akishika kifua na kunywa maji, na mimi sikuwahi kumwuliza, nikadhani ndivyo anavyokula. Wewe ndiye uliyesema inakuchoma. Nikajaribu kuchemsha, nikajaribu kukaanga. Majivu nimeyapata hapa, wiki ya pili tangu nije, kwa ajili yako. Hakuna aliyeyala kabla yako."

Nilikaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimesafiri mpaka mwisho wa delta kununua kitu, na kitu kilikuwa jikoni kwangu tangu mwanzo, kimefukiwa pembeni ya mafiga. Siku hiyo nilikula mara mbili. Nilikula polepole nikiisikia ile thomu laini inavyopita bila kuuma, na kwa mara ya kwanza sikumwona mtu mwingine ndani ya sahani. Nikatoa ile orodha, nikaandika chini yake: majivu, yangu. Nikapiga mstari.

"Basi mpelekee habari," akasema alipokuja kuondoa sahani. "Ni kitu kidogo, kitamfaa. Wabeba boriti wanapita hapa kila mara."

"Nitapeleka," nikasema.

Sikupeleka. Wiki ya kwanza nilisema sijampata mtu wa kuaminika. Mwezi wa kwanza nilisema wapo ila wana haraka. Msimu uliofuata likaja kapu lingine la kamba wakavu, na salamu, bila bei. Nikalipokea, nikauza. Likaja lingine mwaka uliofuata. Mke wangu kila akiliona kapu hufurahi, akidhani ni shukrani ya majivu. Simkatizi.

Mwingereza ameshakunja bendera yake na makapu bado yanakuja. Ni sita, nimehesabu mara mbili nikitumaini kupata matano. La sita liliteremshwa juzi mbele ya duka, na aliyelileta akanipa ujumbe kwa sauti ya chini, kwa kuwa aliambiwa ampe mwenye duka mwenyewe. Yule bwana anasalimu sana. Anasema saba wanatia, chumvi na ndimu vipo, tui linaepuliwa, ila bado inamwunguza, na siku hizi hata wali unamshinda. Anauliza, kwa heshima, kama kuna kitu nilisahau.

Yule mjumbe anarudi Kiongoroni keshokutwa. Analala kwa jamaa zake hapa karibu, na kila asubuhi anapita kuuliza kama nina jibu. Neno lenyewe ni moja, halina uzito, mtu hawezi kunidai nauli yake. Lakini nikilitoa, nitakuwa nakula tena chakula cha watu wawili, na habari itamfikia mke wangu, atajua miaka sita nilikuwa nameza nini pamoja na wali. Nisipolitoa, kuna bwana mmoja amekaa na bakuli lake mbele ya maji, ameshika kifua.

Basi nawe uliyesoma mpaka hapa bure, nilipe kwa shauri: nimpelekee majivu yangu, au nimrudishie makapu yake sita? Ila ujue kamba wenyewe nilishawauza.